MAMA MZAZI HAFI KWA MAPENZI YA MUNGU



Mama anapofariki akijifungua, sisi wa Kisii na Nyamira tumezoea kusema matangani kwamba Mungu ametwaa kilicho chake. Tunachanga pesa za jeneza, tunaimba, tunazika, kisha tunarudi kwenye michai na migomba yetu. Hatuulizi damu ya kumwongezea ilikuwa wapi, wala gari lilikuwa wapi. Kumsingizia Mungu makosa ya watawala ni kufuru.

Sensa ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba nchini Kenya akina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Mataifa ya dunia yameahidiana kwamba ifikapo 2030 idadi hiyo iwe chini ya 70. Mambo yanayowaua si siri kwa mkunga yeyote: kutokwa na damu nyingi, kifafa cha mimba, na maambukizi. Damu ikianza kumwagika, mama aweza kufa kabla ya saa mbili kupita. Sindano ya kuizuia si ghali, lakini huharibika isipowekwa penye baridi. Basi zahanati isiyo na umeme, kilima chenye utelezi wakati wa mvua, na gari la wagonjwa lisilo na mafuta ndivyo vinavyoua. Je, hayo nayo yameletwa na Mungu?

Mchungaji Timothy Njoya alipohoji utawala wa chama kimoja akiwa mimbarini Januari 1990, aliambiwa kwamba siasa si kazi ya kanisa. Hata hivyo, Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa. Hatukupigania vyama vingi ili tuwe na rangi nyingi za bendera. Tulipigania serikali inayoweza kuulizwa na mnyonge ikajibu.

Leo majibu yameandikwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, pamoja na huduma za afya ya uzazi, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuilia mama hospitalini kwa deni la uzazi ni kuvunja Katiba. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa haki mama aliyejifungulia sakafuni. Lakini hukumu haimfikii mjamzito wa kijijini usiku wa manane. Kinachomfikia ni bajeti.

Juni 2013 tulitangaziwa uzazi bila malipo. Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondolewa, SHA ikachukua mahali pake, na kaya isiyo na mshahara ikatakiwa kutoa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, unaodaiwa wa mwaka mzima. Mchuma chai wa kibarua atazitoa wapi? Ahadi ni deni, nalo deni hili mama analilipa kwa uhai wake.

Tuseme pia juu ya uzazi wa mpango, ingawa wengine watakunja uso. Wako wanasiasa wanaotuhimiza tuzae ili kura ziongezeke. Hao hawalei wala hawazai. Wataalamu hushauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Huko si kumpinga Muumba, bali ni kutunza uhai alioutoa. Kanisa linalokataza dawa na lifundishe kwa bidii njia ya kuhesabu siku, na mume afundishwe pamoja na mkewe. Kanisa linaloruhusu na liseme waziwazi. Tena tusiutegemee ukarimu wa wageni: mwaka 2025 Marekani ilikata misaada yake ya uzazi wa mpango, tukaona jinsi haki iliyonunuliwa kwa mfuko wa mwingine inavyoweza kuchukuliwa siku moja.

Hospitali zetu na zahanati zetu ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kila mwaka, kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti hupaswa kuwa mbele ya bunge la kaunti, na sheria inataka wananchi wasikizwe. Kutoka Ogembo hadi Suneka, kutoka Keroka hadi Nyansiongo, twendeni tukaulize. Ni shilingi ngapi za damu salama? Ngapi za mafuta ya gari la wagonjwa? Ngapi za dawa za kupanga uzazi? Ni wauguzi wangapi wa zamu ya usiku? Mwakilishi wa wadi asiyeweza kujibu, jina lake litajwe kanisani kama tunavyotaja majina ya marehemu.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kura tuliyoipigania ni ya watawala kuujua pia. Matanga mengine yakija, tusiridhike na kuimba tu. Tuulize, na tusiondoke mpaka tujibiwe.