SAWA SI JIBU

Ndugu Wafanya Kazi wa Reli,

Liko neno moja ambalo sisi watu wa pwani twalipenda kupita kiasi, nalo ni "sawa". Karani akiuliza kama umesikia, wajibu sawa. Nyapara akitoa amri ambayo hukuielewa, wajibu sawa, maana waogopa kuonekana mjinga mbele ya wenzako. Barazani neno hili ni zuri. Lakini katika kazi ya kuendesha vyombo vyenye roho za watu ni neno la hatari, na leo nitalishitaki kwa ushahidi wa jirani zetu, marubani na waongoza ndege.

Mtu atasema: wa reli ana shauri gani na mambo ya ndege? Analo. Ndege za Ukunda zapita juu ya minazi yetu na mapaa yetu kila siku. Tarehe 5 Machi 2024 ndege yenye abiria 39 na wafanya kazi 5 iliondoka Wilson, Nairobi, kuja Diani, ikagongana angani na ndege ndogo ya mafunzo. Ile kubwa ilirudi salama. Wawili waliokuwa katika ile ndogo walikufa. Simtii mtu hatiani hapa, wala sisemi kwamba redio ndiyo iliyokosa. Nasema tu kwamba karibu na kiwanja ndege ni nyingi na nafasi ni ndogo, na mara nyingi kinachozitenga ni maneno.

Basi maneno hayo yana sheria. "Roja" maana yake ni moja tu: nimeyapokea maneno yako yote. Si kusema nimekubali, wala nitafanya. Atakayefanya husema "wilko". Na kibali cha kutua, kuruka, au kuvuka njia ya kurukia, na kimo, na upande wa kuelekea, hayo hayatoshi kujibiwa hata kwa roja. Rubani lazima ayarudie kwa kinywa chake, na mwongoza ndege lazima amsikilize na kumsahihisha papo hapo.

Nimemsikia bwana mmoja mwenye cheo akicheka kwamba huko kurudia-rudia ni kazi ya kasuku. Bwana huyo na ayasikie haya.

Mwezi wa Septemba 1974 ndege kubwa ya Kiingereza ilikuwa ikishuka kuja Nairobi. Iliambiwa ishuke mpaka futi 7,500. Marubani walisikia 5,000. Kiwanja chenyewe kiko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari! Walikuwa wakishukia ndani ya ardhi. Walipotoka mawinguni waliiona nchi iko karibu, wakapandisha ndege ikiwa imebaki kama futi 70 tu.

Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ilikuwa ikishuka Kuala Lumpur. Iliambiwa futi 2,400, kwa maneno "mbili nne sifuri sifuri". Kwa Kiingereza neno la mbili na neno la "mpaka" husikika mamoja, basi marubani wakaelewa "mpaka 400". Wakajibu: okei, nne sifuri sifuri. Kosa lilikuwa limekwisha kusemwa hadharani, wala hakuna aliyelikamata. Ndege iligonga kilima, wakafa wote wanne.

Na kubwa kuliko yote ni Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Katika ukungu rubani wa ndege ya Kiholanzi alisema kwa maneno yasiyo wazi kwamba wako katika kuruka. Mwongoza ndege akaanza kumjibu: okei. Kisha akamwambia asubiri, lakini maneno hayo yaligongana na sauti ya ndege ya Kimarekani iliyokuwa ingali njiani mbele yake. Kilichosikika vizuri ni ile okei. Watu 583 walikufa. Tangu hapo neno la kuruka halitajwi ovyo redioni. Hutajwa wakati wa kutoa kibali chenyewe au kukifuta.

Okei ni nini, ndugu zangu? Ni "sawa" iliyovaa suti.

Wako pia wanaosema kosa ni la Kiingereza chetu cha Kiafrika. Hiyo ni fitina. Tenerife walikuwako Waholanzi, Wamarekani na Wahispania. Waafrika walikuwa wapi? Sisi tuliosoma misheni twakumbuka kitabu cha Waamuzi, jinsi Waefraimu 42,000 walivyouawa kwa kushindwa kutamka Shibolethi. Sheria ya redio haikufuata ukatili huo. Imekipinda Kiingereza chenyewe kifuate vinywa vya watu: tatu yao hutamkwa "trii", tano "faifu", tisa "naina", ili kila ulimi uweze. Na tangu 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lataka rubani na mwongoza ndege wa safari za kimataifa wafikie angalau daraja ya nne katika sita za lugha hiyo. Mwenye Kiingereza cha kuzaliwa naye haruhusiwi kuropoka kama yuko kilabuni.

Sisi wa reli twaijua hekima hii. Katika njia moja, kama ile ya zamani ipitayo Mackinnon Road, Taru na Samburu katika Kwale yetu, gari moshi halikuondoka stesheni kwa "sawa" ya simu. Maneno kati ya stesheni mbili yaliandikwa, yakarudiwa, na dereva akapewa kibali mkononi. Wazee wetu hawakuwa kasuku. Walitaka kurudi nyumbani wazima.

Sasa nifike penye kidonda. Kurudia maneno huchukua sekunde chache, na sekunde hizo zataka mtu aliyelala usingizi, asiyefanya kazi ya watu wawili, asiyepigiwa kelele kwamba anachelewesha safari. Ajali ikitokea, wakubwa husema "mfanya kazi alisikia vibaya", wakafunga faili. Lakini kusikia vibaya ni jambo la kila mwanadamu, na kwa sababu hiyo ndipo sheria ikawekwa! Anayempunguzia mfanya kazi watu na usingizi amempunguzia sheria yenyewe, kisha amtoza lawama.

Kwa hiyo chama chetu kisimame na wenzetu wa viwanja vya ndege, na sote tudai mambo matatu. La kwanza, asiadhibiwe mtu wala asichekwe kwa kusema "rudia". La pili, mafunzo ya maneno ya kazi yafanywe saa za kazi na kwa mshahara. La tatu, makosa yaliyonaswa katika redio na simu yatumiwe kwanza kufundisha, si kuwinda wa kufukuzwa.

Nanyi ndugu, msingoje wakubwa. Kuanzia zamu ya kesho, ukipewa amri, irudie. Usipoelewa, uliza. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu wa reli,
Msambweni.