Mchango wa Maafa Unataka Funguo Tatu

Maafa yanatokea nyumbani, na kabla ya jua kuzama simu zetu hapa Katy, Texas, zimeshaanza kulia. Picha za matope, picha za watu waliojitwika magodoro, kisha namba ya Zelle ya mtu mmoja. "Ndugu zangu, tuchangie chochote." Majina yanapangwa: fulani 50, fulani 100, fulani ameahidi. Wiki mbili baadaye orodha imenyamaza. Nani alipokea, kiasi gani kilifika, kilinunua nini, hakuna anayesema. Anayeuliza anaambiwa ana roho mbaya.

Mtindo huu umetuchosha. Si kwamba watu wetu ni wezi. Wengi wa wanaopokea michango ni waungwana wanaofanya kazi hiyo usiku, wametoka zamu, hawalipwi senti. Lakini tunambebesha muungwana mmoja jambo ambalo hata malaika angesengenywa kwalo. Fedha za watu 80 zinaingia kwenye akaunti ileile anayolipia kodi ya nyumba na bili ya umeme. Akitaka kuonyesha hesabu, lazima aonyeshe na maisha yake. Basi anakaa kimya, na ukimya wake unazaa maneno.

Dawa inajulikana. Kila mama aliyewahi kukaa kwenye kikoba anaijua. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Anayelilaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Siku ya mkutano linafunguliwa mbele ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, kila mwanachama anakariri salio. Wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda wanafanya hivyo kwa noti ndogondogo. Sisi wa Texas, wenye shahada na magari ya mkopo, tunakusanya maelfu ya dola kwa imani.

Tunachosema ni hiki: jamii yetu ya Katy na Houston, pamoja na ndugu wa Dallas na Fort Worth, iwe na mfuko mmoja wa maafa, wa kudumu, uliosajiliwa, wenye akaunti ya benki kwa jina lake. Uanzishwe sasa, wakati hakuna msiba. Mtu mmoja aanzishe malipo, wa pili ayaidhinishe, wa tatu aione taarifa ya benki kila mwezi lakini asiweze kugusa senti. Hizo ndizo funguo tatu, na akaunti za biashara za benki nyingi zinaruhusu utaratibu huo.

Tutaambiwa sheria za Marekani ni ngumu. Si ngumu. Kuandikisha shirika lisilo la faida kwa Katibu wa Jimbo la Texas ni dola 25. Kuomba hadhi ya 501(c)(3), yaani msamaha wa kodi, kwa fomu fupi ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa mfuko mdogo usiotarajia kupokea zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, ni dola 275. Jumla dola 300, pungufu ya tunazotumia kukodi ukumbi kwa sherehe moja. Mfuko wa ukubwa huo unapeleka kwa IRS taarifa fupi ya mtandaoni kila mwaka. Ukisahau miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe. Basi mpeni katibu kazi hiyo moja na mumuulize kila mwaka kama ameifanya.

Tena sheria ya Texas inataka shirika la namna hiyo liwe na wakurugenzi wasiopungua watatu, na rais wake asiwe ndiye katibu. Hata watunga sheria wa Austin wanaijua habari ya funguo tatu.

Faida yake inahesabika. Anayemtumia mtu binafsi kwa Zelle hapati nafuu yoyote ya kodi, hata kama fedha zote zilifika kwa waathirika. Baadhi ya kampuni kubwa za Houston huongeza juu ya mchango wa mfanyakazi wao, lakini kwa mashirika yanayotambuliwa na IRS, si kwa akaunti ya binamu. GoFundMe nayo inakata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango. Na tangu Januari 1, 2026, anayetuma fedha nje ya Marekani kwa kulipa taslimu dirishani anakatwa kodi ya asilimia 1, ilhali anayetuma kutoka akaunti ya benki hakatwi. Mweka hazina anayetoa noti benki na kwenda nazo kwa wakala anawapunguzia waathirika fedha zao bila sababu.

Asije mtu akasema wizi wa michango ni mambo ya kubuni. Septemba 10, 2016 tetemeko lilipiga Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Watanzania walichanga, wa ndani na wa nje. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli aliwaondoa kazini viongozi wa utumishi mkoani humo kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Kama tuhuma za namna hiyo zinaweza kuibuka kwenye akaunti ya serikali, yenye mihuri na wakaguzi, namba ya simu iliyobandikwa kwenye kikundi cha WhatsApp ina ulinzi gani?

Upande wa pili ipo mifano ya kazi iliyofanywa sawasawa, na mmoja uko hapahapa. Kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston Agosti 2017, mchezaji wa timu ya Texans, J.J. Watt, alianza mchango akilenga dola 200,000. Ukaishia zaidi ya dola milioni 37. Hakukimbilia kugawa noti barabarani. Alichagua mashirika yenye ujuzi, akatenga fedha za awamu zilizofuata, na mwaka mmoja baadaye akatoa hesabu hadharani: zaidi ya nyumba 600 zilizokarabatiwa au kujengwa upya, mamia ya vituo vya kulelea watoto vilivyokarabatiwa, chakula kilichogawiwa. Watu hawakuuliza maswali ya chinichini, maana majibu yalitangulia.

Kenya nako, mwaka 2011, ukame ulipowabana watu wa Turkana na kaskazini, Msalaba Mwekundu wa Kenya, Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari walianzisha Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 na wananchi walilivuka, wengi wakituma vishilingi vyao kwa M-Pesa. Haikuwa kwamba Wakenya walipata huruma mpya mwaka ule. Walipewa namba moja, jina wanalolijua, na jumla iliyokuwa ikitangazwa kadiri fedha zilivyoingia.

Mfuko uwepo kabla ya maafa. Hili ndilo tunalolikwepa zaidi. Julai 4, 2025 mto Guadalupe ulipofurika na kuua zaidi ya watu 100 katika Texas hii, taasisi ya jamii ya Hill Country ilifungua mfuko wa waathirika wa wilaya ya Kerr siku ileile. Iliweza kwa sababu taasisi yenyewe ilikuwepo miaka mingi kabla, ina bodi, ina akaunti, inajua nani anafanya nini katika wilaya ile. Siku chache baadaye ilikuwa tayari inatoa ruzuku. Sisi siku hizo za kwanza tunazimaliza tukibishana nani awe mweka hazina.

Tazameni Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Kuna familia nyingi za Wakongomani kuanzia Houston hadi Fort Worth na Abilene, baadhi yao zimepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale kabla ya kufika Texas, na siku zile hawakulala. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zikafungwa, noti zikawa adimu. Wakati kama huo si wakati wa kuanza kutafuta mtu wa kuaminika upande wa pili. Mfuko ulio tayari unakuwa umeshazungumza na parokia, msikiti, hospitali au chama cha akina mama, unajua fedha zipite wapi na nani atazisainia.

Na wakumbuke wanaotuma bila kuangalia: M23 wamo kwenye orodha ya vikwazo vya Wizara ya Fedha ya Marekani tangu Januari 2013. Kumtumia mama yako fedha za chakula ni jambo moja. Kukusanya maelfu ya dola kwa jina la msaada na kumpa mtu usiyemjua katika mji unaotawaliwa na kundi hilo ni jambo lingine, linaloweza kukupeleka mahakamani. Kamati ya watu watatu itauliza maswali ambayo mtu mmoja mwenye uchungu hawezi kuyauliza.

Tukiwa hapo, tuachane na magunia ya nguo. Desemba 3, 2023 matope ya mlima Hanang yalishuka Katesh na vijiji vya jirani, yakaua zaidi ya watu 80. Katesh iko katikati ya Babati na Singida. Blanketi, sufuria, mahindi na mabati vinapatikana maduka ya huko, na mwenye duka naye anahitaji kuuza. Kontena kutoka Houston litakaa baharini wiki kadhaa, litasubiri bandarini, na litagharimu zaidi ya kilichomo. Tuma fedha, pata risiti.

Msiseme pia kwamba mfuko ni wa huko nyumbani tu. Mwaka 2017 maji ya bwawa la Barker yaliingia nyumba za watu hapahapa Katy, upande wa Cinco Ranch na Canyon Gate, na wengi walijifunza siku hiyo kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Februari 2021 baridi ilipasua mabomba na umeme ukakatika sehemu kubwa ya jimbo. Julai 2024 kimbunga Beryl kiliacha zaidi ya wateja milioni 2 wa umeme gizani Houston na pembeni yake. Mgeni aliyefika miezi mitatu iliyopita, mwenye friji iliyooza na zamu alizozikosa, naye ni mwathirika. Mfuko wenye dola chache tayari benki ungemlipia kodi mwezi huo bila kumpitisha kwenye kikundi kama ombaomba.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Kaya 100 zikitoa dola 10 kwa mwezi, mwaka unaisha na dola 12,000. Huhitaji tajiri, huhitaji mgeni rasmi. Maafa yakitokea, mchango wa ziada unaingia palepale, kwenye akaunti ambayo kila mtu ameshaizoea.

Kisingizio kinachobaki ni "tunaaminiana." Vizuri. Basi kuaminiana kusiogope daftari. Wapo wanaosema Wakenya wawe na wao, Watanzania na wao, Wakongomani na wao, Waislamu kivyao na Wakristo kivyao. Anayetaka hivyo na afanye, mradi kila mfuko uwe na funguo tatu. Lakini mafuriko hayakuuliza pasipoti Mai Mahiu, Kenya, mwaka 2024, wala hayakuuliza Katy mwaka 2017. Na kama kuanzisha kitu kipya ni kazi, lipo kanisa, upo msikiti, kipo chama ambacho tayari kimesajiliwa. Kiombeni kifungue akaunti ya pekee ya maafa, na hesabu yake isomwe peke yake.

Mwanachama wa kawaida naye ana wajibu. Kabla hujatuma, uliza mambo manne: akaunti ni ya jina gani, nani wanaidhinisha, fedha zinakwenda kwa nani, hesabu itatoka lini. Shirika linalodai lina hadhi ya 501(c)(3) unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya IRS kwa dakika moja. Ukikosa majibu, usitukane mtu. Usitume tu.

Nanyi viongozi, pangeni siku. Hesabu ya kila mchango itoke ndani ya siku 30: kilichoingia, kilichokatwa na benki, kilichotumwa, kilichobaki, pamoja na risiti. Ukurasa mmoja unatosha. Mwaka ukiisha, isomwe tena mbele ya watu, na asiyehusika na fedha aikague.

Msimu wa vimbunga Texas unaanza Juni 1 kila mwaka. Mvua za masika nyumbani hazingoji ruhusa yetu, na mashariki mwa Kongo hakujatulia. Wikiendi hii watu watatu wanaoaminika wakae mezani na dola 300. Wakimaliza, watuletee namba ya akaunti, tuanze na zile dola kumi zetu.