Liganga imengoja vya kutosha

Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ilipita juu ya reli zilizotengenezwa Japani. Nchi iliyoagiza reli hizo ina mawe ya chuma yanayokadiriwa kufikia tani milioni 126 Liganga, wilayani Ludewa. Wilaya hiyohiyo, kule Mchuchuma, ina makaa ya mawe tani milioni 428.

Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Mgodi, kiwanda, makaa na kituo cha umeme cha megawati 600 vilifungwa katika furushi moja la takriban dola bilioni 3. Majadiliano ya misamaha ya kodi yakakwama, na furushi zima likakwama nayo. Wenye mashamba walingoja fidia yao, zaidi ya shilingi bilioni 15, hadi mwaka 2023. Huko ni kuwatesa wananchi.

Jiwe la Liganga lina ugumu wake. Limechanganyika na titani na vanadi, na katika tanuru la kawaida titani hufanya mavi ya chuma yawe mazito, yasitiririke. Hata hivyo, Panzhihua nchini China wanayeyusha mawe ya aina hiyo kwa miongo mingi. Afrika Kusini nako kampuni ya Highveld ilitumia matanuru ya umeme, ikavuna chuma na vanadi pamoja. Ujuzi ilikuwa nao, lakini mwaka 2015 ilielemewa kifedha huku chuma cha bei nafuu kikimiminika kutoka nje.

Ndiyo maana serikali inapaswa kuwa mteja kabla ya kuwa mbia. Isaini mkataba wa miaka mingi wa kununua chuma cha Liganga kwa ajili ya madaraja na minara ya umeme, kisha ianze na tanuru moja la wastani badala ya furushi zima.

Tanuru hilo liyeyushe na vyuma chakavu, ambavyo viwanda vya nondo vinavitegemea tayari na ambavyo hula nishati kidogo kuliko jiwe. Lakini kila mnunuzi awe na leseni na daftari la wauzaji. Januari 2022, minara ya umeme iliyoibiwa vyuma ilipoanguka na Kenya kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alilazimika kusimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, na mafundi waliokuwa wakijipatia riziki ya halali wakaumia pamoja na wezi.

Mkataba mpya utaje pia bei ya titani na vanadi, zisije zikasafirishwa bure kwa jina la chuma. Nao vijana wa Ludewa waanze sasa kufundishwa kuendesha matanuru, kabla mitambo haijashushwa bandarini Mtwara.