Itoeni au Irudisheni



Iko dhuluma moja ambayo haipigiwi kelele, kwa sababu haimwagi damu wala haivunji mlango wa mtu. Kijana mwenye kipaji cha kurap anaitwa na kampuni kubwa ya muziki. Anatia saini, anapigwa picha kalamu ikiwa mkononi, jamaa na majirani wanashangilia. Anaingia studio, anarekodi albamu, anaikabidhi. Kisha kimya. Mwaka wa kwanza anaambiwa avute subira. Mwaka wa pili anaambiwa hakuna wimbo wa kupigwa redioni. Mwaka wa tatu yule aliyekuwa akipokea simu zake ameshaacha kazi, na aliyekalia kiti chake hamjui. Albamu iko kabatini, na ufunguo wa kabati hana yeye.

Wapo wanaoliita jambo hili bahati mbaya ya biashara. Sisi tunaliita kwa jina lake: ni kumiliki jasho la mtu bila kulitumia na bila kumrudishia.

Tutaje mifano, tusije tukadhaniwa tunapiga porojo. Large Professor wa Queens, New York, ndiye aliyetengeneza midundo ya nyimbo tatu katika albamu ya Nas iitwayo Illmatic, ya mwaka 1994, ambayo mpaka leo hutajwa miongoni mwa albamu bora za rap kuwahi kutokea. Albamu yake mwenyewe, The LP, ilikuwa itolewe na Geffen mwaka 1996. Haikutoka. Ilipata kutolewa rasmi mwaka 2009, miaka 13 baadaye. Saigon aliingia Atlantic mwaka 2004. Albamu yake, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Kisa Kikubwa Kisichopata Kusimuliwa", ilitoka mwaka 2011, tena kupitia lebo nyingine kabisa. Jina lilikuwa kama utabiri. Papoose wa Brooklyn alisaini na Jive mwaka 2006, mkataba ambao magazeti yaliuandika kuwa wa dola milioni 1.5. Albamu yake ya kwanza aliitoa mwenyewe mwaka 2013. Naye Rakim, ambaye marapa wengi humwita mwalimu wao, alijiunga na Aftermath ya Dr. Dre mwaka 2000, akaondoka mwaka 2003, na ile albamu iliyokuwa ikisubiriwa haijapata kutolewa. Kutoka albamu yake ya mwaka 1999 hadi iliyofuata ilipita miaka 10.

Hawa si vibonde. Hawa ni watu ambao kampuni zenyewe ziliwafuata, zikawapa pesa, zikawatangaza. Basi tusiambiwe kwamba albamu zilizuiwa kwa sababu wenyewe hawajui kazi.

Kisa kinachotuuma zaidi ni cha ndugu wawili wa familia ya Dumile, kwa sababu nyumba yao ilifanana na nyumba zetu. Baba Mzimbabwe, mama wa Trinidad, mkubwa amezaliwa London mwaka 1971, wakakulia New York. Mdogo mtu aliitwa Dingilizwe, jina la kwao baba. Katika kundi lao la KMD walikuwa wakirekodi albamu ya pili kwa ajili ya Elektra pale mdogo, aliyejulikana kama Subroc, alipogongwa na gari akafariki mwaka 1993. Mkubwa akaimalizia kazi peke yake. Mwaka 1994 kampuni ikaiogopa picha ya jalada, mchoro wa kikatuni kile cha kuwadhihaki watu weusi kikiwa kinanyongwa. Mchoraji alikusudia kuinyonga dhihaka yenyewe. Kampuni haikutaka maelezo. Ikaizuia albamu na kuachana na kundi, na umma haukuipata rasmi mpaka miaka ya 2000 ilipoanza. Yule kaka alipotea jukwaani kwa miaka, kisha akarudi amevaa kinyago cha chuma na kujiita MF DOOM. Alifariki Uingereza mwaka 2020, dunia nzima ya rap ikamlilia. Lakini sauti ya mwisho ya mdogo wake ilikaa miaka kabatini kwa sababu ya jalada. Mzazi gani kati yetu angelikubali jambo hilo?

Sasa tuingie ndani ya mtambo wenyewe tuone unavyofanya kazi. Sisi tuliosomea uhandisi tumezoea kwamba kitu kikiharibika mara moja ni ajali, kikiharibika kila mara kwa namna ile ile ni kosa la usanifu. Na usanifu wa mikataba hii ni kama ile vali ya bomba inayopitisha maji upande mmoja tu. Msanii anafungwa: harekodi kwa mwingine, hauzi kwa mwingine, na akiondoka mara nyingi haruhusiwi hata kurekodi upya nyimbo zile zile kwa kipindi cha miaka. Kampuni haifungwi: ina hiari ya kudai albamu ya pili, ya tatu, ya nne, lakini katika mikataba mingi ya kijana anayeanza hakuna kifungu kinachoilazimisha kuitoa hata ile ya kwanza. Kanda mama ni mali yake tangu siku ya kurekodiwa. Gharama za studio zinaandikwa katika deni la msanii, zilipwe kutoka mrabaha wake. Albamu isipotoka hakuna mauzo, pasipo mauzo hakuna mrabaha, na deni linabaki pale pale kwenye vitabu kama kupe.

Fikirini hesabu ya mwenye kampuni. Kuitoa albamu kunataka pesa mpya: matangazo, video, safari za redio moja hadi nyingine. Kuiweka kabatini hakumgharimu kitu zaidi ya alichokwisha kutoa. Akiiachia, na kijana akavuma kwa jirani, bosi atamwuliza kwa nini aliachia dhahabu. Akiizuia, hakuna atakayemwuliza. Kwa hesabu kama hiyo, hata mtu mwema ataizuia tu.

Zaidi ya hapo kampuni zenyewe zinanunuliana na kumezana. Sony na BMG zilipounganisha biashara zao mwaka 2004, ndugu wawili wa kundi la Clipse kutoka Virginia walijikuta chini ya Jive ambako hawakupachagua, ilhali watayarishaji wao walikuwa wamehamia kwingine. Waliomba waachiwe, wakakataliwa, wakaenda mahakamani, na albamu yao ya Hell Hath No Fury ikatoka Novemba 2006. Katika kusubiri huko walilazimika kugawa kanda za mitaani bure ili wasisahauliwe. Leo kampuni kubwa duniani zimebaki tatu tu, Universal, Sony na Warner. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na tumeona kwamba hata wakioana zinaumia.

Tunajua tutakavyojibiwa. Kwanza tutaambiwa kwamba kampuni ni ya biashara, haiwezi kulazimishwa kutoa albamu inayoona itapata hasara. Tunakubali kabisa. Hatujasema ilazimishwe kuitoa. Tumesema kama haiitaki, imrudishie mwenyewe, naye alipe gharama halisi ya kurekodi pindi itakapouza. Pili tutaambiwa kwamba mkataba ni mkataba, kijana alisaini kwa hiari akiwa mtu mzima. Ni kweli alisaini. Lakini alisaini ili albamu itoke. Fundi ukimkabidhi tofali na saruji akujengee nyumba, kisha akavifungia ghalani miaka 10, utasema ametimiza mkataba kwa kuwa hakuiba? Tatu tutaambiwa kwamba siku hizi kuna intaneti, kijana anaweza kupakia nyimbo zake mwenyewe bila kumhitaji mtu. Huyo ni kijana asiyesaini. Aliyesaini akipakia wimbo wake mwenyewe bila idhini anashitakiwa kwa kuvunja haki miliki ya sauti iliyotoka kooni mwake.

Na msitake kutuambia kwamba tunaomba jambo geni. Katika fani yetu ya uhandisi mvumbuzi hupewa hataza ili uvumbuzi uwafikie watu. Mkataba wa Paris unaolinda hataza unaruhusu nchi kutoa leseni ya lazima kwa mtu mwingine pale mwenye hataza anapoikalia bila kuitumia, baada ya miaka 3 tangu kupewa au 4 tangu kuiomba, kwa kutazama ipi inachelewa zaidi. Huko nyumbani Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu mtu kunyang'anywa kiwanja alichopewa akakiacha pori bila kukiendeleza. Kila aliyewahi kumwomba ndugu yake amjengee japo msingi na ukuta kwenye kiwanja chake, ili mradi kionekane kina mtu, anaijua sheria hiyo hata kama hajaisoma. Ikiwa udongo, ambao hauzeeki, unachukuliwa kwa kuachwa bure, vipi albamu ya rap ambayo ni kama samaki wa Feri? Rap husimulia mtaa wa leo, kwa lugha ya leo. Ukiiuza baada ya miaka 13 umeuza kumbukumbu.

Sheria za muziki zenyewe zimekaa upande gani? California ina kifungu kisichoruhusu mkataba wa kazi kumfunga mtu zaidi ya miaka 7, kile kile alichokitumia mwigizaji Olivia de Havilland kuishinda Warner Bros. mwaka 1944. Mwaka 1987 kampuni za muziki zilifanikiwa kukiongezea maneno, ili msanii anayeondoka aweze kudaiwa fidia ya albamu ambazo hajazikabidhi. Albamu alizokabidhi zikafungiwa, hizo hazina anayezidai. Ulaya, mwaka 2011, walipoongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, waliweka kanuni kwamba kampuni isipoziweka sokoni baada ya ile 50 msanii anaweza kuvunja mkataba. Uingereza iliifuata mwaka 2013. Tulifurahi, mpaka tuliposoma vizuri. Miaka 50 ile inahesabiwa tangu siku rekodi ilipotolewa au kusikilizishwa umma. Isiyotolewa kabisa haina hata siku ya kuanzia kuhesabu. Yaani aliyedhulumiwa kidogo amefunguliwa dirisha, na aliyedhulumiwa kabisa ameachwa gizani.

Basi madai yetu ni mafupi. Kila mkataba wa kurekodi uwe na muda wa kutoa albamu tangu ikabidhiwe. Sisi tunasema miezi 18, wenye mizani bora zaidi watuambie. Muda ukipita, kanda mama irudi kwa msanii, na deni la studio lilipwe kutoka mauzo yake tu. Nayo haki hiyo isiwe kitu cha kuombwa na msanii mwenye jina kubwa na wakili mkali. Iandikwe katika sheria, na kifungu chochote cha kuisamehe kiwe batili.

Wasikilizaji nao wasijidharau. Mwaka 2010 Atlantic ilikuwa imeikalia albamu ya tatu ya Lupe Fiasco wa Chicago. Mashabiki zaidi ya 30,000 walitia saini ombi, na Oktoba mwaka huo wakaenda kusimama mbele ya ofisi za kampuni New York. Albamu ikatoka Machi 2011, na ikaingia chati ya Marekani katika nafasi ya kwanza. Albamu iliyosemwa haitauzika! Lakini haki isitegemee umati wa barabarani, kwani si kila kijana ana mashabiki 30,000 wa kumsimamia.

Kwa nini tunayaandika haya katika jarida letu, ambalo kawaida linazungumzia harusi, misiba na michango? Kwa sababu vijana wetu wanachana mistari, wengine kwa Kiingereza cha mitaa waliyozaliwa, wengine kwa Kiswahili kilichotushangaza walikookota. Na kwa sababu kampuni zile zile zimeshabisha hodi hata nyumbani: Ali Kiba alisaini na Sony mwaka 2016. Hatusemi kijana asisaini. Tunasema asiende peke yake. Tumewahi kuchangishana kwa ajili ya vyuo, matibabu na kusafirisha miili. Kuchangia ada ya wakili wa kusoma karatasi 60 kabla ya kijana kutia saini ni kitu kidogo kuliko hayo yote. Na wakili huyo awe wa kijana, si yule aliyependekezwa na kampuni kwa ukarimu wake. Aulize maswali mawili kabla ya kuuliza kiasi cha pesa: ni lini mtaitoa, na msipoitoa inarudi lini? Kampuni ikikataa kuandika jibu, basi imeshajibu.

Na nyinyi mlio na funguo za makabati, Kiswahili chetu hakihitaji wakili. Mna kazi za watu. Itoeni au irudisheni.