Kisu Kimoja Hakifungui Kila Saa

"Kisu kimoja chatosha." Ndilo neno la kwanza analoambiwa kijana anayejifunza ufundi wa saa hapa Bunia, nami nalipinga kabla ya mengine yote. Kisu kifupi chenye makali butu ni chombo halali, lakini kwa mfuniko wa kubana tu, ule usio na hesi. Hata huo, igeuze saa kwenye mwanga kwanza, utafute kijipengo kilichoachwa na mtengenezaji. Hapo ndipo kisu kinapoingia, tena ncha tu. Ndani ya saa ya betri mna koili ya waya mwembamba kuliko unywele. Kisu kikiteleza, waya umekatika, na mteja aliyeleta saa ibadilishwe betri anaondoka na saa iliyokufa.

Tazama sasa Seiko 5, saa iliyotoka Japani mwaka 1963 na kuvaliwa na baba zetu wengi. Mara nyingi mfuniko wake ni wa hesi, wenye mapengo kwenye ukingo. Nimeona mapengo hayo yametafunwa kama meno ya msumeno kwa sababu mtu aliyagonga kwa kisu na nyundo. Kumbe huo wataka ufunguo wa meno, ule unaotanuka na kubana kufuata upana wa mfuniko. Casio F-91W, ya mwaka 1989, imeshikwa na skrubu nne ndogo: ni kazi ya bisibisi ya msalaba inayotoshea barabara. Swatch ya plastiki, iliyoanza mwaka 1983, haifunguki mgongo. Ina kijilango cha betri tu, nacho hufunguliwa kwa sarafu. Kwa kuwa franki yetu ni noti tupu, weka mezani sarafu moja ya Uganda.

Wengine husema usianze kazi bila chombo cha Uswisi. Vyombo vya Bergeon, nyumba ya Le Locle iliyoanzishwa mwaka 1791, ni bora, sibishi. Lakini kijana hana sababu ya kukaa bure akivingoja. Ufunguo wa bei nafuu wa meno matatu utamfaa ikiwa meno hayachezi na ncha zake zimesawazishwa kwa tupa. Ule wa meno mawili auache dukani, maana huyumba na kuchora mfuniko. Na kabla ya ufunguo wowote, ajaribu mpira laini wa kushika mkononi: unakandamiza, unazungusha, na mfuniko ambao haukukazwa sana unaachia bila alama hata moja. Naupenda mpira huo kuliko chombo kingine chochote mezani.

"Mfuniko uliogoma wataka nguvu." Hapana. Mara nyingi kinachougomesha ni jasho, kutu na vumbi jekundu la barabara zetu, vimeshikana kwenye hesi. Saa ya mwendesha pikipiki huja na udongo wa safari nzima. Isugue kwa mswaki mkavu, pitisha sindano kuzunguka ukingo, tia tone dogo la mafuta mepesi kwenye mstari wa hesi, ulaze mpaka kesho. Usafi huu una faida ya pili: mchanga haudondoki ndani ya mashine mfuniko unapofunguka. Kisha ibane saa kwenye kishikio, si kwenye kiganja, uzungushe kinyume cha mwendo wa mishale.

Lipo pia dai kwamba kufunga mfuniko wa kubana ni kazi ya kidole gumba. Kwa mifuniko milegevu, sawa. Lakini kwanza kagua mpira wa kuzuia maji na vumbi. Ukiwa bapa au umepasuka, badilisha. Kisha linganisha pengo la mfuniko na kijiti cha kutegea majira. Mfuniko ukikataa kidole, usigonge. Tumia kishindilio chenye vitako vya plastiki, na kitako cha chini kiegemee ukingo wa chuma, kisiguse kioo.