Wawili Waliokatazwa Kazi

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kikundi chetu alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliinunua kwa dalali mmoja kule Lilongwe, kwa pesa ya simu aliyoiuza pamoja na kitu kidogo cha mama yake. Juu imeandikwa: "Visa ya mtu anayejitegemea kifedha." Akaniambia, "Yaya, mimi najitegemea. Tangu nina miaka kumi na tano sijaomba mtu sabuni. Hii ni yangu kabisa."

Ni kweli anajitegemea. Anakata nywele za watu Likuni, ile Likuni ya hapa kambini, si ya Lilongwe. Analisha watu watano.

Ndugu msomaji, visa hiyo ipo. Dalali hakudanganya juu ya jina, alidanganya juu ya maana. Hispania wanaitoa. Unaonyesha euro 2,400 kwa kila mwezi, na 600 zaidi kwa kila mtu wa familia unayekwenda naye, halafu ukifika haufanyi kazi. Karibu na sisi, Kenya wana kibali cha daraja K. Uwe umefika miaka 35, uwe na pato la uhakika la dola 24,000 kwa mwaka lisilotokana na kuajiriwa, yaani pensheni, kodi ya nyumba, faida ya pesa iliyowekwa mahali. Na uahidi kwamba hautakubali kazi yoyote ya mshahara.

Rudia hapo mwisho. Uahidi kutofanya kazi.

Hapo ndipo nilicheka, na kicheko hakikuwa kizuri. Kumbe mimi nina sharti moja la hiyo visa tayari! Na mimi nimekatazwa kazi. Tofauti ni kwamba yule anakatazwa kwa sababu anazo, mimi nakatazwa na sina. Yeye anaitwa mtu wa kujitegemea. Mimi naitwa mzigo.

Tusizungumze kwa hasira tu, tuangalie mambo yalivyo. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake. Kwenye kazi, ikasema haijifungi kumwondolea mkimbizi lazima ya kutafuta kibali. Kwenye kutembea, ikajiwekea haki ya kumpangia mkimbizi mahali pa kukaa. Mahali penyewe ni hapa Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, pahali palipokuwa gereza la wafungwa wa siasa wakati wa Kamuzu Banda, pakawa kambi mwaka 1994. Palipangwa kwa watu kama elfu kumi hivi. Leo tumepita elfu hamsini. Na mwaka 2023 serikali ikatoa amri kwamba wakimbizi wote wa mjini warudi kambini. Mwezi wa tano polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe, na watoto ndani yake. Wengi wa waliokusanywa walikuwa na maduka. Maana yake walikuwa wanajitegemea.

Sasa kinachoniuma ni hili neno. Mimi ni mfanyakazi wa vijana. Mara ngapi nimesimama mbele ya ubao nikaandika KUJITEGEMEA kwa herufi kubwa? Tunawafundisha vijana kushona, kutengeneza simu, kuandika mpango wa biashara. Kwenye semina tunapiga makofi, tunapiga picha. Halafu fundi wetu akitoka na cherehani yake kwenda kutafuta wateja Lilongwe, anakuwa mkosaji. Mtu umefundishwa kuogelea halafu unakatazwa maji. Msaada wa chakula ukipunguzwa, tunaambiwa tena: jitegemeeni. Kwa njia gani? Nani atanunua suruali arobaini hapa Likuni, na jirani yako naye anashona?

Kuna watakaosema: tajiri analeta pesa nchini, wewe unaleta njaa. Ninawajibu: nendeni sokoni kwetu asubuhi. Mama wa kijiji cha jirani analeta nyanya na mahindi hapa, anarudi na sukari na vitenge. Mkimbizi wa Lilongwe alikuwa analipa kodi ya nyumba kwa Mmalawi. Na Tumaini Festival tangu 2014 imeleta wageni mpaka wanalala kwenye nyumba zetu na kulipa. Pesa yetu ni ndogo lakini inazunguka hapahapa. Haikai benki ya mbali.

Wengine, wafanyabiashara wa mjini, wanasema tunawabana. Malalamiko yao nayasikia, nao wana watoto wa kulisha. Lakini dawa ya mshindani ambaye hayuko kwenye daftari ni kumwandika kwenye daftari. Tupeni kibali, tulipe leseni, tulipe ushuru kama wao. Mtu anayefichwa ndiye hawezi kulipa.

Wala siombi jambo la ajabu. Orodha ileile ya Kenya yenye herufi K, ukisogea herufi mbili unakuta M. Hiyo ni ya wakimbizi, na inawaruhusu kufanya kazi. Kuipata ni shida, ndugu zetu wa Nairobi wanajua. Lakini angalau herufi ipo, mtu anaweza kuidai.

Kwa hiyo nasema mambo mawili. Kwa wenye semina, mimi nikiwa mmoja wao: tuache kuandika kujitegemea ubaoni kama hatuandiki pembeni yake kibali cha kazi na ruhusa ya kutembea. Bila hivyo tunawalaumu vijana kwa mlango tulioufunga sisi wakubwa. Kwa vijana: usimpe dalali pesa kwa sababu ya neno tamu. Muulize swali moja tu, "Wanataka nionyeshe shilingi ngapi kila mwezi, na itoke wapi?" Akianza kuzungukazunguka, shika simu yako uondoke.

Yule kijana nilimweleza yote, mstari kwa mstari. Alikaa kimya, halafu akauliza: "Kwa hiyo yaya, kwao kujitegemea ni kutofanya kazi?"

Nikamwambia ndiyo. Akakunja karatasi yake, akarudi kwenye wateja. Kulikuwa na watu watatu wanamngoja.