Betri ya sola: nani atarudisha fedha yake?

Betri ya lithiamu inayotoa uniti 5 kila usiku humwokolea mwenye nyumba Sh. 1,460 kwa siku, kwa bei ya Sh. 292 kwa uniti iliyopangwa na EWURA mwaka 2016. Kwa mwaka ni kama Sh. 533,000. Aliyeuziwa kwa Sh. milioni 5 atasubiri miaka zaidi ya 9, bila kuhesabu paneli. Mteja mdogo wa Sh. 100 kwa uniti asijisumbue kabisa. Betri za maji ni nafuu dukani, lakini zikitumiwa kila siku kupita nusu ya chaji hufa mapema.

Mwenye bucha ana hesabu nyingine: umeme ukikatika, kinachooza jokofuni ni mtaji. Huyo anunue, mradi paneli zake zitoshe kuijaza mchana.